Chembe za Metali, Askari wa Mwili na Saratani: Kamati Zetu Zifanye Nini?

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za afya za parokia na wafadhili. Tumeifupisha kidogo.)



Nimeombwa nizungumzie habari inayotufikia vipande vipande: kwamba wataalamu wanatumia chembe ndogo sana za metali kuusaidia mwili kupambana na saratani. Swali mlilonipa ni la wazi. Je, kamati zianze kuchangisha fedha ili wagonjwa wetu waipate tiba hiyo? Nitalijibu, lakini kwanza tuelewe jambo lenyewe.

Askari wanaodanganywa

Wengi wetu tulijifunza katika semina za UKIMWI kwamba seli nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Askari hao hawapigani na vijidudu tu. Hukagua pia seli zetu wenyewe na kuziondoa zilizoharibika. Saratani ni seli zilizoasi na kuanza kuzaana bila mpango. Kwa nini basi askari wasizimalize?

Ni kwa sababu uvimbe wa saratani una ujanja wake. Huwawekea askari breki. Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi uliowezesha breki hizo kufunguliwa. Dawa zilizotokana na kazi yao zinatibu watu leo, ila haziwasaidii wagonjwa wote.

Ujanja mwingine ni mbaya zaidi. Wapo askari ambao kazi yao ni kumeza vijidudu na seli zilizokufa. Wakiingia ndani ya uvimbe, wengi wao hugeuzwa wakawa vibarua wa adui: husaidia uvimbe kupata mishipa ya damu na kukua. Hapo ndipo metali zinapoingia.

Chuma, shaba na hafini

Chembe tunazozungumzia hupimwa kwa nanomita. Ukigawa milimita moja mara milioni moja, kila kipande ni nanomita moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000, na chembe hizi huwa chini ya 100. Kwa udogo huo, seli huzimeza.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo kuhusu dawa iitwayo ferumoksitoli. Ni chembe za oksidi ya chuma, zilizoidhinishwa Marekani tangu mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Walitaka kuona kama chembe hizo zingeweza kubeba dawa ya saratani hadi kwenye uvimbe. Wakashangaa kuona kwamba kwa panya waliopewa chembe tupu, zisizobeba dawa yoyote, uvimbe ulipunguza kasi ya kukua. Chuma hakikuwa kimeua saratani chenyewe. Kiliwageuza wale askari walaji, wakaacha kumtumikia adui na kurudi vitani.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Ujerumani na Ugiriki, walitumia chembe za oksidi ya shaba zilizochanganywa na chuma kidogo. Shaba hiyo huyeyuka ndani ya seli za saratani na kuziua. Panya walipopewa chembe hizo pamoja na tiba ya kuamsha kinga, uvimbe uliisha. Walipodungwa tena seli zilezile za saratani, kinga yao ilizitambua na kuzimaliza.

Metali iliyosonga mbele zaidi kwa binadamu ni hafini. Chembe zake hudungwa ndani ya uvimbe kabla ya mionzi, ili mionzi ipige kwa nguvu zaidi palepale. Matokeo ya mwaka 2019 kutokana na wagonjwa 180 wa saratani ya misuli na tishu laini yalionyesha kwamba uvimbe ulikufa wote, au karibu wote, kwa asilimia 16 ya waliopewa chembe na mionzi, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mionzi peke yake. Watafiti wanaendelea kuchunguza kama seli zinazokufa hivyo huwafundisha askari kumtambua adui.

Tusikimbilie

Ndugu zangu, tumaini hilo ni la kweli, lakini lina mipaka. Matokeo ya chuma na shaba niliyoyaeleza yalipatikana kwa panya, na mengi yanayoponya panya hayajaponya watu. Metali pia zina madhara. Ferumoksitoli yenyewe ilipewa onyo kali mwaka 2015, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata mzio uliohatarisha maisha.

Kwa hiyo vidonge vya chuma wanavyopewa akina mama wajawazito kliniki si dawa ya saratani. Kunywa maji yaliyowekwa shaba hakutibu uvimbe. Na maji ya fedha yanayouzwa kama dawa ya kila kitu yanaweza kuibadili ngozi iwe ya kijivu, na isirudi tena.

Jibu langu basi ni hili: hapana, kamati zisichangishe fedha kwa ajili ya tiba hiyo sasa. Akija mtu na chupa yenye jina la “nano”, mwulizeni maswali matatu:

1. Imejaribiwa kwa binadamu wenye saratani ya aina hii, au kwa panya tu?
2. Imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yetu?
3. Daktari anayemtibu mgonjwa ameikubali?

Jibu la swali lolote likiwa hapana, familia isiuze shamba. Hasara si fedha tu. Mgonjwa anayekaa miezi sita akinywa chupa hiyo anaweza kufika hospitali wakati uvimbe ambao ungekatwa umekwisha kusambaa.

Kinga tuliyo nayo tayari

Ipo njia ya kuwatumia askari wa mwili ambayo haihitaji kusubiriwa. Chanjo ya virusi vya HPV huwafundisha askari kuzuia virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 inatolewa kwa dozi moja. Kamati inayohakikisha kila binti anayestahili amechanjwa, kila mama amepimwa, na mgonjwa aliyeanza mionzi ana nauli ya kuimaliza, imefanya kazi kubwa. Hapo, ndugu wafadhili, mchango wenu unaokoa maisha mwaka huuhuu.