Vumbi la Osiri na ulinzi wa mapafu

Msikilizaji, katika machimbo ya dhahabu ya Osiri, kaunti ya Migori, mwamba unaosagwa hutoa vumbi la silika. Vumbi hilo hudhuru makrofaji, chembe zinazomeza vijidudu mapafuni, na kukipa nafasi kifua kikuu.

Makrofaji huwatambua bakteria wa ugonjwa huo kwa lektini, protini zinazoshika sukari iliyo juu ya kijidudu. Kisha saitokini, wajumbe wa kinga, hupeleka habari. Mmoja wao, intaferoni-gama, huzipa makrofaji nguvu ya kuua zilichokimeza. Lakini mjumbe huyo naye amebeba sukari, na lektini nyingine, galektini-3, yaweza kumnasa njiani. Watafiti wa saratani wameiona ikimzuia kupenya ndani ya uvimbe. Kumbe haitoshi mwili kutoa saitokini, sharti zifike.

Maabara na ziendelee kutafuta dawa za kuwafungulia wajumbe hao njia, ila Osiri haiwezi kungoja. Wenye mashine wanyunyizie mawe maji kabla ya kuyasaga, na serikali ya kaunti ikague. Nawe mchimbaji mwenye kikohozi kisichoisha, nenda ukapimwe: dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma.