Dawa ya kolesteroli na ini la mtoto

(Mazungumzo na wazazi katika baraza la afya)



Mimi si daktari, kazi yangu hapa kaunti ni habari. Na kuna habari moja inayozunguka kwenye simu zetu: eti dawa ya kolesteroli huua ini la mtoto. Mzazi akiisoma, vidonge vinabaki kabatini.

Kolesteroli si ya watu wazima wanene pekee. Kuna ile ya kurithi. Mtoto mwembamba, anayekula ugali na sukuma kama wenzake, anazaliwa nayo ikiwa juu. Duniani humpata mtu 1 hivi kati ya 250, na mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Isipotibiwa, mishipa ya moyo huanza kuziba mapema, na mshtuko wa moyo unaweza kumpata akiwa bado kijana.

Dawa zinazotumika sana ni statini. Kwa kawaida mtoto huanzishiwa akiwa na miaka 8 au 10 hivi. Zinafanya kazi ndani ya ini lenyewe: hulizuia kutengeneza kolesteroli nyingi, nalo huivuta ile iliyo kwenye damu. Ndiyo maana daktari hupima damu kuangalia vimeng'enya vya ini kabla ya kuanza, kisha hurudia baadaye. Vikipanda kidogo, mara nyingi hushuka vyenyewe. Vikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, dawa husimamishwa au hupunguzwa na chanzo kutafutwa. Ini kuharibika vibaya kwa statini ni nadra sana. Anayeamua kusimamisha ni daktari, si ujumbe wa simu.

Ninachowaomba ni hiki: msimfiche daktari kitu. Dawa za miti shamba, za TB, za kifafa, parasetamoli ya dukani, zote hupitia ini hilo hilo. Na kidonge cha nyanya yake, hata nusu, si cha mtoto.

Macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi kama strungi, au misuli ikiuma bila sababu, mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.

Siku ya kliniki bebeni pakiti zote zilizo nyumbani. Muuguzi yuko hapa nami, karibuni kwa maswali.