Mashine Ivunjayo Mawe

Kokoto twazikanyaga barabarani, twazichanganya na saruji tujengapo, wala hatuulizi zimepatikanaje. Lakini mwamba haugeuki kokoto wenyewe.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkono peke yake. Mskoti mmoja, John McAdam, aliyezaliwa mwaka 1756 na kufa mwaka 1836, aliwafundisha Waingereza kutandaza barabara kwa mawe madogo yenye pembe, yashikanayo yapitiwapo na magurudumu. Ili kupata mawe hayo, watu waliketi kando ya njia wakagonga kwa nyundo kutwa. Na kazi hiyo haijakoma: huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, wanawake wamegonga kokoto miaka mingi, huku vidole vyao vikiwa jirani na nyundo.

Mwaka 1851 mji wa New Haven, huko Marekani, ulitaka kutandaza mawe katika barabara yake moja, na Eli Whitney Blake akatiwa katika kamati ya kuisimamia. Huyu alikuwa mpwa wa yule Eli Whitney aliyebuni mashine ya kuchambulia pamba. Akashangaa kuona kwamba hakuna chombo cha maana cha kuvunjia mawe. Akalifikiri jambo hilo kwa muda wa miaka saba hivi, na mwaka 1858 akapata hati ya uvumbuzi wake.

Msikilizaji, tafadhali gusanisha vifundo vya mikono yako, kisha utanue viganja juu. Hivyo ndivyo mashine ya Blake ilivyo, ila chini mmeachwa nafasi. Ina mataya mawili ya chuma: moja limesimama imara, la pili lasogea mbele na kurudi. Jiwe hutiwa juu penye upana, likabanwa, likapasuka. Taya lirudipo, vipande huteremka penye wembamba, vikabanwa tena, mpaka vipenye katika nafasi ya chini. Upana wa nafasi hiyo ndio uamuao ukubwa wa kokoto.

Nguvu yatoka wapi? Juu mna mhimili mnene uzungukao, ambao sehemu yake ya kati imewekwa kando kidogo ya kitovu. Basi kila uzungukapo hupandisha na kushusha mkono wa chuma uning'iniao hapo. Chini ya mkono huo mna mabamba mawili yaliyokutana kama goti lililokunjwa. Mkono ukipanda, goti lanyooka, na taya lasukumwa. Goti likaribiapo kunyooka kabisa, mwendo wake huwa mdogo mno, bali nguvu yake huwa kubwa mno. Magurudumu mawili mazito hushika mwendo taya lirudipo, na kuutoa wakati wa kubana.

Angalieni kwamba mashine hii haipigi kama nyundo, yabana. Mwamba huvumilia sana kubanwa, lakini huvumilia kidogo kuvutwa: kwa itale tofauti yake ni mara kumi au zaidi. Na jiwe libanwapo juu ya pembe zake, ndani yake huvutwa kuelekea kando, likapasuka kama gogo lililotiwa kabari.

Tena mna hila moja ituvutiayo kuliko zote. Kipande cha chuma, kama jino la sururu, kikianguka pamoja na mawe, hakivunjiki, na mashine nzima ingeweza kuharibika. Kwa hiyo bamba moja la lile goti hutengenezwa kuwa dhaifu kuliko sehemu nyingine, lipate kuvunjika kwanza. Bamba ni rahisi kubadilishwa. Mhimili si rahisi. Mataya yenyewe huvikwa chuma chenye manganisi, alichokigundua Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, ambacho huzidi kuwa kigumu kadiri kigongwavyo.

Mwaka 1881 Philetus Gates, Mmarekani, alipata hati ya mashine ya namna nyingine, nayo yafanana na kinu na mchi. Mchi wake hautwangi, bali huyumba ukizunguka kandokando ya kinu, kama mpishi asagavyo kitunguu saumu. Upande mmoja ukibana, wa pili waachia, hivyo kazi haina mapumziko. Machimbo makubwa hupenda namna hii kwa kuvunja mara ya kwanza. Vipande huendelea kwa mashine nyingine ndogo zaidi, kisha kwenye chekecheke. Vilivyo vikubwa hurudishwa.

Limebaki vumbi. Mawe mengi yana chembe za kwazi, na yavunjwapo hutoa vumbi jembamba hata jicho haliwezi kuliona. Vumbi hilo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa wake huitwa silikosisi, wala hauna dawa ya kuuponya. Mgonjwa aweza kuacha kazi, na pumzi zake zikazidi kupungua. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Chekecheke hufunikwa, mfanyakazi huvaa kinyago kilichofanywa mahsusi, na maji hunyunyizwa mdomoni mwa mashine na hapo kokoto ziangukapo. Hata agongaye kwa nyundo afaa kulilowesha jiwe lake kwanza, na kuketi penye upepo utokao nyuma yake, mtoto wake akiwa mbali.