Stika Itoke, Rangi Ibaki

Leo nazungumza na vijana wa bodaboda, na wenye pikipiki nao watege sikio. Mkataba ukikaribia kwisha, au pikipiki ikitakiwa kuuzwa, kijana huona haya na nembo ya Simba au Yanga aliyoibandika mwenyewe kwenye tangi. Hapo wembe hutolewa mfukoni. Nimeona matangi yaliyochubuliwa kwa wembe, kwa bisibisi, hata kwa msumari! Mnunuzi akiona mikwaruzo ile hushusha bei papo hapo, na ana haki. Rangi si urembo tu. Ikichubuka hadi kwenye bati, mvua moja inatosha kuanzisha kutu.

Kwanza pitisha ukucha ukingoni mwa stika. Usipousikia ukingo, basi stika hiyo imefunikwa na vanishi tangu kiwandani. Iache. Haitoki bila msasa na rangi mpya, na gharama hiyo waijua.

Ukiusikia ukingo, osha pikipiki kwa maji na sabuni, maana mchanga uliobaki juu ya rangi ni msasa mwingine. Kinachoshika stika ni gundi, nayo gundi hulegezwa na joto. Chovya kitambaa katika maji ya moto, kamua, kandika juu ya stika dakika chache, rudia mpaka kona ilegee. Mashine ya saluni ya kukaushia nywele inafaa pia, ila si karibu na tangi lenye petroli. Kibiriti na jiko ndiyo usithubutu kabisa. Mvuke wa petroli hauna masihara. Inua kona kwa ukucha, vuta polepole huku ukiikunja stika irudi nyuma juu ya mgongo wake, usiivute kwenda juu. Ikigoma, kanda tena.

Nembo nene za plastiki hushikwa na gundi ya sponji. Hizo zikatwe kwa mshipi wa kuvulia samaki: pitisha nyuma ya nembo, vuta huku na huku kama msumeno.

Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, ama mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Ngoja ilainike, futa taratibu, kisha osha kwa sabuni. Fundi wa mtaani atakwambia thina ni ya haraka. Ni kweli, na rangi nayo huondoka kwa haraka hiyo hiyo.

Ukimaliza utaona umbo la nembo limebaki kama kivuli. Usilisugue kwa hasira. Hapo rangi haikuchakaa. Iliyochakaa ni ile ya pembeni, iliyopigwa na jua miaka yote hiyo. Polishi hupunguza tofauti, lakini haiimalizi, hasa kwa pikipiki nyekundu.