MBIO ZA NJIA YA WAPAGAZI
(Maneno ya wafanyakazi wa ghala mbele ya mkutano wa wanachama)



Sisi wafanyakazi wa ghala la ushirika tumeomba nafasi hii tuwaeleze juu ya mbio zetu. Wengi mmesikia habari nusunusu, na wengine mnauliza, "Hawa wamekosa kazi?" Kazi tunayo. Lakini ipo nyingine inayotungoja sote, nayo ni nyumba ya akina mama wajawazito pale zahanati.

Jambo hili tunalijua. Mama wa kitongoji cha mbali akishikwa na uchungu usiku hubebwa kwa baiskeli au pikipiki, na mvua ikinyesha korongo halipitiki. Nyumba ikiwepo atakuja mapema, angoje siku yake karibu na mkunga. Kuta tumekwisha kuzisimamisha kwa nguvu zetu wenyewe. Zimebaki bati, mbao na saruji. Hizo hazifyatuliwi kama matofali, zinataka fedha.

Mbio zenyewe ni za kupokezana kijiti. Tuko 12: karani wa mizani, watunza ghala, wapakiaji, dereva wa trekta na mlinzi. Kila mmoja atakimbia kilomita 5, jumla 60, mpaka kwenye tembe la Kwihara, nje ya Tabora. Tutafuata njia ya zamani ya misafara.

Njia hiyo, ndugu zangu, si ya mchezo. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, kilomita kama 1,200. Babu zetu Wanyamwezi waliipita na pembe za ndovu mabegani. Wengine walipitishwa humo na minyororo shingoni, wakauzwe pwani. Kule Ugogo watemi walitoza misafara ushuru ulioitwa hongo, na neno hilo leo maana yake mnaijua. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, njia ikaachwa, majani yakaota.

Hapo Kwihara, mwaka 1872, Daktari Livingstone alikaa miezi kama mitano akingoja wapagazi. Bila wao hakuwa na safari. Alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500, wakapitia Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Mzigo ule haukubebwa na mtu mmoja. Aliyechoka alimpisha mwenzake. Ndiyo kupokezana kwenyewe.

Ila tofauti ipo. Wapagazi wengi walibeba mali ya wengine. Safari hii mzigo ni wetu, na kitakachopatikana kitabaki hapa kijijini.

Sasa tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aahidi chochote kwa kila kilomita. Shilingi 100 kwa kilomita ni shilingi 6,000 kwa njia nzima. Asiye na fedha alete mahindi, yatapimwa mbele ya watu. Pili, vitongoji vya njiani vituwekee maji ya kunywa. Tatu, vijana waje na mapanga na majembe Jumamosi, tufyeke pale palipozibwa na miiba.

Wapo waliosema, "Fedha zitaliwa njiani." Ni haki yao kuuliza, maana mali ya umma imewahi kuliwa mahali pengi. Jibu letu ni hili: chakula tutabeba wenyewe kutoka majumbani kwetu. Ufunguo wa sanduku utashikwa na kamati ya akina mama, na sisi tunaokimbia hatutaugusa. Kila ahadi na kila shilingi itaandikwa na kubandikwa kwenye ubao huu, mtu ajisomee. Bati zikinunuliwa, zihesabiwe hadharani.

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi miguu tunayo, nanyi tupeni kijiti.

Ushirika, hoyee!