Karani wa Wakili Naye Alipwe

Nyongeza ya asilimia 6 ya mshahara wa chini mliisikia. Rais wa Kenya aliitangaza Uhuru Gardens, Sikukuu ya Wafanyakazi ya 2024, na waliobishana baada ya hapo ni waajiri na vyama vya wafanyakazi. Sisi tunamuulizia karani wa wakili. Nyongeza kama hiyo itamfikia kwa hati gani ya malipo?

Hati ya malipo hana. Mkataba hana. Nauli ni yake mwenyewe.

Asubuhi yuko mahakama ya Milimani, anafuatilia faili masjala. Adhuhuri yuko ofisi za ardhi, Ardhi House, kwa ajili ya shamba la mteja. Jioni anapiga chapa hati ya kiapo, anamtafuta kamishna wa viapo, kisha anaipakia kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama. Machi 2024, mfumo huo ulienezwa nchi nzima, tukaambiwa safari zitapungua. Makarani wanaotupigia simu wanasema kilichoongezeka ni kazi ya usiku, kwa sababu mtandao haufungwi jioni kama dirisha la masjala. Na nauli? Bado ni yake.

Sheria ya Mawakili inamkataza wakili kumtoza mteja chini ya kiwango kilichowekwa. Kufanya hivyo ni kosa. Basi anayelindwa na sheria asipunjwe, anawezaje kumwambia karani wake asubiri mpaka mteja alipe? Tunajua ofisi ndogo zina wateja wasiolipa. Lakini mwenye jengo hasubiri mteja. Kampuni ya umeme haisubiri mteja. Kwa nini karani peke yake ndiye asubiri?

Orodha ya mishahara ya chini inamtaja karani. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi, na inataka hati ya malipo. Wanaovunja sheria hii ni watu wanaoisoma kila siku!

Chama cha Mawakili, zungumzeni na wanachama wenu. Mawakili, rudisheni nauli wiki hii, si mwezi ujao. Nawe karani unayetusikiliza ukiwa kwenye matatu, andika. Andika saa ulizofanya kazi, andika nauli uliyotoa, tunza ujumbe wa kila shilingi uliyolipa kwa simu yako. Dai la mshahara lina miaka 3 tu kisheria. Usiiache ipite. Nenda ofisi ya leba ya kaunti yako, na nenda na mwenzako!