Propilini Glaikoli: Kiambato Salama Chenye Ndugu wa Sumu

Propilini glaikoli, kiambato kinachopatikana katika losheni, krimu na deodoranti nyingi, imetiwa doa na hofu ambayo kwa sehemu kubwa haiihusu yenyewe, bali inatokana na kufananishwa na ndugu yake wa kikemia ambaye kweli ni sumu.

Kimiminika hicho kisicho na rangi hufanya kazi mbili: ni kiyeyushi, yaani huyeyusha manukato na dawa zisizoyeyuka vyema katika maji, tena ni kivuta unyevu, yaani hushika maji katika tabaka la juu la ngozi ili lisikauke na kupasuka. Kikiingia mwilini, sehemu yake hugeuzwa na ini kuwa asidi ya laktiki, ambayo misuli nayo huizalisha, na sehemu nyingine hutolewa kwa mkojo. Ndiyo maana huruhusiwa hata katika vyakula, kwa namba E1520, na wataalamu wa FAO na WHO walikubali kiwango cha hadi miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Sumu yenyewe ni diethilini glaikoli, ambayo huharibu figo. Mwaka 1937 nchini Marekani ilitumiwa kuyeyushia dawa ya sulfanilamidi, nayo ikaua watu zaidi ya 100. Msiba huo ndio uliozaa sheria ya mwaka 1938, ambayo kwa mara ya kwanza iliviweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali kuu ya nchi hiyo. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walifariki nchini Gambia, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na sumu hiyo na ethilini glaikoli. Kwa kuwa vimiminika hivi na propilini glaikoli havitofautiani kwa macho, mzizi wa hatari umo katika pipa la malighafi ambalo halikupimwa kabla ya kutumiwa kiwandani.

Hata hivyo, usalama wa propilini glaikoli una mipaka. Baadhi ya watu hupata mwasho au mzio, yaani ngozi kuwa nyekundu na kuwasha kwa sababu kinga ya mwili inakikataa kiambato, na mwaka 2018 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kilikitangaza kuwa kizio cha mwaka. Ngozi iliyoungua hukipitisha kwa wingi hadi kwenye damu, na mtoto mchanga, ambaye ini na figo zake hazijakomaa, hukiondoa polepole mno.

Kwa hiyo mamlaka za viwango, TBS nchini Tanzania na KEBS nchini Kenya zikiwamo, zinapaswa kudai ushahidi wa upimaji wa kila pipa la malighafi, kwa sababu maneno ya lebo peke yake hayamlindi mtu. Naye mtumiaji mwenye ngozi nyepesi kudhurika asome orodha ya viambato, ajaribu kipodozi kipya kwa siku chache kwenye sehemu ndogo ya mkono, na asikipake juu ya kidonda, jeraha la moto wala ngozi ya mtoto mchanga bila ushauri wa mtaalamu wa afya.